Mwalimu na Ua Lake la Zigi

Stendi ya Muheza asubuhi, kama huuzi machungwa basi unayamenya. Mwalimu alikuwa anamenya. Nilipomwamkia aliitikia marahaba bila kuinua macho, akatema mbegu kiganjani, akazifunga kwenye kikaratasi na kuzitia mfukoni.

Alinifundisha baiolojia kidato cha tatu, Tanga mjini. Siku hizi amestaafu, na barazani kwake hapapitiki kwa makopo: ya rangi, ya maziwa, hata sufuria iliyotoboka, yote yameota kitu. Dirishani, pasipopigwa jua kali, ndipo ilipo Saintpaulia yake. Ilianza na jani moja alilopewa, akalichomeka na kikonyo chake kwenye udongo mbichi. Darasani alikuwa hachoki kutuambia kwamba ua hilo, ambalo Wazungu wanaliweka madirishani kwao, asili yake ni Usambara, na kwamba limepewa jina la Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuliona porini, na Tanga si mbali! Kila mwaka kulikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kuliona. Basi lilikwama mara mbili kwenye tope la vuli, tukashuka kusukuma. Mwalimu hakusukuma. Alikuwa kando ya barabara amechutama kwenye shamba la iliki, anapekua shinani, maana maua ya iliki huchomoza chini kabisa, karibu na ardhi.

Bustani ya Amani, waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902, iko juu zaidi. Mwalimu akasema ingoje. Mle miti mingi ni ya kuletwa, mikwinini na wenzake, yeye anataka kwanza kumwamkia mwenyeji. Tukateremka Zigi na mwongozaji, tukiufuata mto ambao maji yake ndiyo tunayoyanywa Tanga.

Ua lilikuwa kwenye jiwe lenye kuvu, chini ya kivuli, dogo kuliko nilivyotarajia. Majani yana vinyweleo, na maji yamesimama juu yake kama shanga. Mwalimu akapiga magoti.

"Njoo, mwanangu. Unaona vifuko hivi viwili vya njano? Ndiyo chavua. Sasa tazama kijiti cha kike: hapa kimelalia kushoto, ua lile kimelalia kulia. Nyuki akichafuka ubavu huu, anaipeleka kwa yule wa upande wa pili."

Nikamkumbusha kuwa mwaka 2015 wataalamu waliihamishia Saintpaulia kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ya jamaa moja, ya Streptocarpus. Akaguna. "Mzee habadilishwi ukoo."

Tulikaa pale karibu saa nzima. Hakugusa hata jani.

Tulipotoka, mlinzi getini akaomba kuona mkoba wake. Mlikuwa na kisu kidogo, kitambaa kilicholoweshwa maji, na kopo tupu la maziwa ya unga lililotobolewa matundu chini.

Mlinzi akamtazama. Nami nikamtazama.

"Mazoea tu, baba," Mwalimu akasema, akaufunga mkoba.