Kupita Shambani kwa Mtu Bila Hodi

Tulikuwa hatujamaliza hata dakika kumi tangu kushuka treni nikagoma kuendelea. Mbele yetu palikuwa na geti, ndani ya geti kondoo na wanakondoo wao, na ng'ambo ya kondoo nyumba ya mawe yenye nguo zimeanikwa kambani. Dada yangu alikuwa ameshafungua komeo.

"Dada, hapa ni kwa mtu."

"Najua ni kwa mtu. Pita."

Mimi nimekulia Moshi. Kihamba cha mtu, yaani shamba lake la nyumbani, huingii kimyakimya; unapiga hodi tangu kwenye masale, ile mimea ya mpakani, na usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Dada, ambaye ameishi Sheffield, Uingereza, miaka mingi kiasi kwamba kondoo wa watu hawamtishi tena, akanionyesha kibao kidogo cha mbao chenye mshale wa manjano. Shamba ni la mwenye shamba, akasema, lakini njia ni ya watu wote. Mwenyewe haruhusiwi kuiziba. Nikapita, huku shingo ikinigeuka kila hatua tatu kuangalia kama kuna mbwa.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda Castleton, kijiji cha Derbyshire kilicho kama kilomita tatu kutoka stesheni ya Hope. Ukitokea Sheffield treni haimalizi saa nzima, na sehemu nzuri ya safari uko gizani ndani ya handaki la Totley, lenye zaidi ya kilomita 5. Ukitoka upande wa pili umebadilishiwa nchi: vilima vya kijani, na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, zikipanda na kushuka kama mishono ya shuka kuukuu. Bomba la moshi la kiwanda cha saruji nalo limesimama katikati ya bonde. Picha za mitandaoni hulikwepa. Mimi nilifurahi kuliona, maana lilinihakikishia kwamba hapa watu wanafanya kazi.

Castleton imepewa jina na ngome iliyo juu yake, Peveril. Njia ya kuipanda inakwenda kwa kona kona, na dada, aliyekuwa amenicheka kwa ajili ya kondoo, alisimama mara nne kuvuta pumzi. Ngome hiyo ilianzishwa na William Peverel baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ilipofika 1086 ilikuwa tayari imeandikwa katika daftari la mfalme la ardhi na mali. Mnara wa mraba uliobaki ni wa Mfalme Henry wa Pili, wa miaka ya 1170. Si mkubwa. Kilichonikaa akilini ni choo: kimejengwa kikichomoza nje ya ukuta, na chini yake ni genge tupu. Mkuu wa ngome alikaa pale huku upepo wa Derbyshire ukimpuliza.

Kazi ya ngome yenyewe ilikuwa kusimamia msitu wa mfalme wa kuwinda. Mwanakijiji aliyekamatwa akiwa na paa alikuwa na kesi ya kujibu. Nikakumbuka kibao cha mshale wa manjano, nikaanza kukitazama kwa jicho jingine.

Chini ya ngome, kana kwamba mwamba umepiga miayo, lipo pango la Peak, ambalo mdomo wake ni mkubwa kuliko wa pango lolote la asili Uingereza. Jina lake la zamani ni Tako la Shetani. Sikutunga mimi; limeandikwa kwa herufi kubwa getini, na watoto wa shule wanapiga nalo picha. Inasemekana lilibadilishwa kwa heshima ya Malkia Victoria alipotembelea mwaka 1880. Asili ya jina hilo la zamani ni mlio ambao maji hutoa yakipungua ndani ya mwamba baada ya mafuriko, na msomaji mwenye watoto nyumbani hahitaji maelezo zaidi.

Kwa karne kadhaa mdomoni humo waliishi wasokota kamba na familia zao, wakiwa na nyumba zao ndani ya pango. Unyevu uliwafaa, kwa kuwa katani haikukauka ikakatika. Dari bado ina masizi ya majiko yao. Kamba zilikwenda migodini, kwa kuwa vilima hivi vilichimbwa risasi, ile ya kuyeyusha, kwa muda mrefu sana.

Leo kinachouzwa madukani ni Blue John, jiwe lenye mistari ya zambarau na njano linalotoka katika kilima kimoja tu, hapo hapo kijijini. Mtu wa Moshi ukimwambia jiwe la zambarau la kilima kimoja, moja kwa moja anawaza Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanaiti. Niliuliza muuzaji wanachimbaje. Akaniambia kidogo kidogo, kwa mkono, na mashimo yenyewe watalii huingia kutembezwa. Sisi tanzanaiti yetu tumeijengea ukuta wa kilomita 24.5 mwaka 2018. Sina ugomvi na ukuta ule, wizi ulikuwepo. Nilisimama tu na kipande cha jiwe mkononi, nikalinganisha, kisha nikaona bei nikakirudisha.

Mchana tulipanda Mam Tor kwa kufuata barabara iliyokufa. Kilima hiki ni tabaka za mawe laini na magumu zinazoteleza, kwa hiyo wamekiita mlima unaotetemeka. Barabara kuu ilipita ubavuni mwake tangu mwanzoni mwa karne ya 19, ikibomoka, wanaziba, ikibomoka, wanaziba, hadi 1979 wakakubali yaishe. Sasa lami imepasuka vipande vyenye kimo cha mtu, na ukitazama ubavu wa kipande unahesabu tabaka za ukarabati moja juu ya nyingine.

Kilele ni mita 517. Nilijitahidi nisiseme kitu, lakini mji wa Moshi wenyewe, stendi na soko na kila kitu, uko juu kuliko hapo. Wenyewe wanakuja na fimbo mbili, mabuti na ramani ya plastiki shingoni. Ila upepo ule sitautania: ulinivua kofia nikiwa nimeishika. Watu wenye mabawa ya kitambaa walikuwa wakiruka kutoka ukingoni na kuelea juu ya bonde la Edale, miguu ikining'inia.

Ng'ambo ya bonde dada akanionyesha mgongo mrefu mweusi, Kinder Scout. Hiyo ilikuwa ardhi ya matajiri ya kuwindia ndege, yenye walinzi na marungu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, waliingia kwa makusudi kutembea tu. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Walipigana na walinzi, na watano wakafungwa, yeye akiwemo. Mwaka 1951 eneo hili likawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza.

"Kumbe na wao walifukuzwa," nikamwambia dada.

"Ulidhani kibao kiliota?"

Tulifuata mgongo wa kilima hadi Hollins Cross, mahali ambapo zamani watu wa Edale, kabla hawajawa na kanisa lao, walivuka wakiwa na jeneza begani kwenda kuzika Castleton. Kisha tukashuka kunywa chai na skonzi, ambazo si zile skonzi zetu za asubuhi. Hizi zinapakwa jemu na malai hadi huoni mkate.

Tukirudi Hope, kwenye geti lile la asubuhi, tulimkuta mwenye shamba juu ya pikipiki ya magurudumu manne. Moyo ukaruka. Nikaandaa maelezo yangu yote. Akatusalimia, akatazama mawingu, akasema jambo moja tu: tufunge geti vizuri, wanakondoo hutoroka.

Tulipofika stesheni nikaingiwa na shaka kuhusu lile komeo. Nikarudi mbio kuangalia. Lilikuwa limefungwa, na treni ikaondoka.