Siku yangu moja: tunamwaga slabu Kira, Uganda

Saa 12 asubuhi. Niko kwa boda natoka Ntinda, leo ni slabu ya nyumba zangu za kupangisha na meneja wangu wa mradi kashafika saiti kitambo, anataka mikisa ya kuchanganya zege na vaibreta ya kulishindilia ziwashwe mbele yake kabla mtu hajafungua simenti.

Saa 1. Anapita na tepu anapima nondo, anachuchumaa kuangalia kama zimeinuliwa vizuri, maana nondo ikilalia mbao zege halitaifunika chini, itashika kutu, itavimba na kupasua zege lenyewe. Karibu na ngazi kaona zimelala. Foromani analalamika, "Bosi, mawingu hayo." Akajibiwa, "Funga upya kwanza." Zikafungwa upya.

Saa 3 mpaka saa 8 ni zege tu. Hapa ndo pesa ya meneja inaonekana bana, vijana wakichoka wanaongeza maji ili litiririke, na maji yakizidi nguvu inashuka hata kama simenti umeweka mifuko yote. Kasimama kwa mikisa na ndoo ya kipimo, matoke yake yamepoa pale pembeni. Kajaza zege na kwa vile viboksi vya sampuli, likikauka vipande vyake vitapasuliwa maabara siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu.

Saa 9. Nakutana na kijana anayetaka kusimamia mradi wangu wa Mukono. Ana picha nzuri kwa simu lakini mi nataka anipeleke kwa nyumba aliyomaliza, niongee na mwenyewe alafu niwatafute mafundi niwaulize kama walilipwa, fundi aliyedhulumiwa hafichi kitu. Nikamweleza: nalipa kwa hatua, msingi, linta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), paa, na kiasi nabaki nacho miezi 6 baada ya kukabidhi. Asilimia ya gharama sitoi, kwa sababu vifaa vikipanda na yeye mshahara unapanda. Anayenunua simenti siye anayeipokea stoo. Na ile ardhi ni mailo, yaani hati ni ya mwenye ardhi lakini kuna wenye vibanja, watu wanaokaa na kulima humo na wana haki zao, kwaio tingatinga haiingii kabla hatujakaa nao na mwenyekiti wa LC1, yule wa serikali ya kijiji. Hilo la vibanja alilijua kabla sijamaliza kusema, nikampenda.

Saa 11 tunahesabu mifuko mitupu na daftari la stoo, zinalingana, vibarua wanalipwa kwa simu kila mtu na namba yake.

Saa 3 usiku meneja anapiga: "Madamu, maji yamekatika huku na kesho asubuhi slabu lazima imwagiliwe, nimepata bowza, lori la maji." Nimemtumia hela hapo hapo.