Asubuhi Mbwa Walipofungwa Kamba

Katika kijiji chetu cha upande wa Mvumi, kusini mwa mji wa Dodoma, mbwa hakujua kamba. Alilala mlangoni pa zizi, akala ukoko wa ugali wa uwele na chochote kilichobaki, na kulipopambazuka akafuatana na mbuzi kwenda machungani bila kuitwa na mtu. Sisi watoto ndio tuliotembea naye kila asubuhi, kwa hiyo tulimjua kuliko wenye mali wenyewe: tulijua kichaka chenye kanga ambacho kingemfanya asahau kazi, na tulijua kwamba wakati wa kiangazi, tukifika korongoni kwenye visima vya kuchimba mchangani, angejilaza kwenye mchanga mbichi mpaka mbuzi wa mwisho amalize kunywa. Kwa babu walikuwa wawili: Simba, dume zee lililokatika sikio, na Watachoka, jike la rangi ya kahawia ambaye hakuwahi kumwamini mgeni yeyote.

Ndiyo maana mgambo alipopita jioni moja ya Septemba, katikati ya miaka ya 1990, akitangaza kwamba kesho yake kila mwenye mbwa amlete, akiwa amefungwa kamba, mpaka kwenye mbuyu ulio karibu na ofisi ya kijiji ili apigwe chanjo ya kichaa, watu walimsikiliza kwa heshima, kisha wakabaki wakiulizana watawafungaje. Kukataa hakukuwepo. Mwaka uliotangulia kijiji cha jirani kilikuwa kimemzika mtu aliyeumwa na mbwa wa kupita njia, akakipuuza kidonda kwa kuwa kilikuwa kidogo. Virusi vya ugonjwa huo husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa majuma au miezi, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Babu hakuyajua hayo kwa lugha ya madaktari, lakini alikuwa amehudhuria mazishi yale, na hilo lilimtosha.

Usiku ule akasokota kamba. Alitoa nyuzi za gome la mbuyu alizokuwa amezihifadhi darini, akazilowesha, akaweka mafungu mawili juu ya paja lake na kuyaviringisha kwa kiganja: mkono ulipokwenda mbele kila fungu lilijisokota peke yake, na uliporudi nyuma yote mawili yakashikana kuwa kamba moja. Alifanya hivyo bila kuangalia, huku akizungumza na bibi habari za mtama uliobaki ghalani.

Alfajiri kamba zilivishwa shingoni, na hapo ndipo safari ilipokwama. Simba aliketi kitako akakita miguu ya mbele ardhini. Watachoka alilala chali. Babu, aliyekuwa amejifunga mgolole wake wa kutokea, alivuta mpaka mgolole ukamdondoka begani, na hatukuwa tumefika hata mwisho wa ua. Huko njiani hali ilikuwa ileile: mzee mmoja alipita amembeba mbwa wake mabegani kama ndama aliyezaliwa porini, na nyuma yake mama mmoja alimsihi wa kwake kwa maneno matamu ambayo, kwa ninavyomfahamu, hata mumewe hakuwahi kuambiwa.

Babu akasimama, akatema mate pembeni. “Mjukuu wangu,” akaniambia, “nenda ukafungue zizi. Huyu asubuhi hajui pa kwenda isipokuwa nyuma ya mbuzi.”

Nikawatoa mbuzi. Mara walipoanza kushika njia, Simba aliinuka, akajikung'uta vumbi na kuwafuata kama siku zote, naye Watachoka akawa ndiye anayenivuta mimi. Tukafika mbuyuni na kundi zima.

“Mzee, mimi nimeita mbwa,” bwana mifugo alisema.

“Mbwa ndio hao, mwanangu. Mbuzi wamewasindikiza tu.”

Bwana mifugo alikuwa na kasha lenye barafu, kwa sababu dawa ile huharibika ikipata joto, na kila mbwa alichomwa mililita 1 chini ya ngozi ya shingo. Huku akifanya kazi alieleza kwamba mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kuenea, na kwamba mtu akiumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kabla hajakimbilia hospitali. Mama mmoja akauliza kama sabuni ya mche inafaa. Akajibiwa kwamba yoyote inafaa, mradi asiifanyie ubahili. Nilichokiona mimi ni kwamba wanaume waliojitapa kumiliki mbwa wakali walirudi nyuma sindano ilipotoka, wakawaachia watoto wachungaji wawashike.

Kisha zikaja kadi, na kadi zilidai majina. Kwetu mbwa hupewa jina la kumfikishia jirani ujumbe ambao adabu inakataza kumwambia usoni, na babu alikuwa amempa jike wake jina hilo baada ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Jirani mwenyewe ndiye aliyesimama nyuma yetu kwenye foleni. Walikuwa wamekwisha kuamkiana “Mbukwenyi” kwa upole wote.

“Jina?”

“Watachoka,” babu alisema, akiangalia matawi ya mbuyu.

Bwana mifugo akaandika, akamwita anayefuata. “Jina?”

“Tumezoea.”

Kalamu ikasimama. Bwana mifugo aliwatazama wazee wote wawili, akainama tena kwenye daftari lake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Foleni nzima ilikuwa imesikia, lakini hakuna aliyethubutu kucheka kwa sauti mbele ya wazee.

Tulipokuwa tukielekea machungani moja kwa moja kutoka pale, babu alinipa kadi nimsomee. Nilisoma jina, nikasoma jinsia, nikasoma rangi: kijivu.

“Watachoka si wa kijivu.”

“Ni vumbi, babu.”

“Basi angempangusa kwanza,” alisema, akaniagiza nirudi nikamwambie bwana mifugo arekebishe. Lakini mbuzi walikuwa wamekwisha kuteremka korongoni na mbwa nyuma yao, kamba zikiburuzika, kwa hiyo kadi ilibaki vilevile.