Ninavyolitunza jiko la gesi ili moto ubaki wa buluu

Sufuria zikianza kushika masizi, wengi hulaumu gesi kwamba imechakachuliwa. Kwa nilivyoona, mara nyingi gesi haina kosa; kinachopungua ni hewa.

Nozeli, kile kipande kidogo chenye tundu jembamba mwanzoni mwa bomba la kichomeo, hurusha gesi kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayovuta hewa ya pembeni. Viwili hivyo huchanganyika bombani kabla ya kutokea vitunduni na kuwaka. Hewa ikitosha, moto huwa mfupi, wa buluu, umeshika vitundu sawasawa. Ikipungua, ncha hugeuka njano. Unjano huo ni chembe za kaboni zisizoungua zote, ndizo zinazoganda sufuriani. Kibaya zaidi, moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua. Ndiyo maana siuvumilii moto wa njano hata siku nikiwa na haraka, na sipiki dirisha likiwa limefungwa.

Kusafisha huanza kwa kufunga mtungi na kuacha jiko lipoe. Natoa vifuniko na vichwa vya vichomeo, naviloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa dakika 20 hivi, kisha nasugua kwa mswaki mkuukuu. Kila kitundu nakipitisha waya mwembamba. Kijiti cha meno sikitumii, hukatikia ndani. Nachungulia pia bomba lenyewe, kwa sababu buibui hupenda kutanda humo, hasa jiko likikaa muda bila kuwashwa. Nozeli siichokoi kwa chuma: tundu lake likipanuka hata kidogo, gesi huzidi hewa, na hapo hakuna usafi utakaoponya ule unjano, ni kununua nyingine ya kipimo kilekile. Vyote vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kifuniko nakizungusha mpaka kikae mahali pake, maana kikilala upande, moto hurefuka upande huo na kufa upande wa pili.

Bado njano? Baadhi ya majiko yana kisahani cha kurekebisha hewa karibu na nozeli. Nakifungua kidogo kidogo huku nikiangalia moto. Ukianza kuvuma na kuinuka kutoka kwenye vitundu, hewa imezidi, narudi nyuma. Moto ukirudi ndani na kuwakia kwenye nozeli, zima papo hapo. Cheche za rangi ya chungwa zinazopita mara moja ni vumbi au chumvi tu.

Kuwasha: kiberiti kwanza, gesi baadaye. Isiposhika ndani ya sekunde chache nafunga, nangoja dakika moja au mbili itawanyike. Sufuria ikishachemka napunguza moto, kwani maji yanayochemka hayaongezeki joto kwa moto mkubwa. Moto unaolamba ubavuni mwa sufuria unaunguza gesi bure na mishikio pia. Lakini moto mdogo sana huzimwa na upepo, na jiko lisilo na kifaa cha kukata gesi litaendelea kuitoa kimyakimya. Kwa hiyo sikai mbali.

Kila ninapobadilisha mtungi natazama kimpira cha mviringo kwenye valvu, naifunga mahali pake rejeta, kile kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi itokayo mtungini, kisha napaka povu la sabuni kwenye maungio yote na kwenye mpira wa gesi. Mapovu yakifura, panavuja. Kupima kwa kiberiti ni kuitafuta ajali. Mpira wenye nyufa au uliokakamaa nabadilisha; kuuziba kwa utepe hakusaidii. Mtungi husimama wima daima, kwani ukilazwa gesi iliyo bado kimiminika huingia kwenye rejeta, nayo ikigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 200.

Harufu ikisikika, nafunga mtungi, nazima moto wowote, nafungua milango na madirisha. Swichi ya taa siigusi, si kuwasha wala kuzima. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia sakafuni na kwenye pembe, na ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Mlango uliofunguka mpaka chini huitoa vizuri kuliko dirisha la juu, na siwashi tena jiko mpaka povu lionyeshe palipovuja pamezibwa.