Hadubini kwenye mwalo wa Igombe

Huku kwetu Mwanza, ukitaja kichocho, mvuvi anawaza mkojo wenye damu. Anakujibu upesi, "Daktari, mimi mkojo wangu safi." Na kweli ni safi. Lakini kichocho kilichotawala kandokando ya ziwa ni cha tumbo, kile cha Schistosoma mansoni. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai mengine hutoka na choo, mengine hukwama kwenye ini, na miaka ikipita tumbo linavimba, wengine hutapika damu. Hapo ndipo utasikia kalogwa.

Mimi ni mtu wa maabara chuoni. Zamani tulikuwa tunafika mwaloni, tunagawa vikopo, tunakusanya choo, tunaondoka. Majibu yakisomwa, yanasomwa kwenye majarida ya Ulaya. Sikubaliani na hilo hata kidogo: mtu aliyekupa choo chake ana haki ya kuona ulichokikuta humo.

Siku hizi tunabeba na hadubini, ile ya kioo isiyotaka umeme. Tunaiweka kwenye meza ya mama lishe, jua linafanya kazi yake. Yai la mansoni halisahauliki, lina mwiba ubavuni. Mama mmoja muanika dagaa aliliangalia mpaka foleni ikaanza kunung'unika, kisha akaenda kumvuta mumewe kutoka kwenye mtumbwi.

Ila kinachojaza watu ni konokono. Tunawaokota kwenye matete, wale bapa waliojiviringa kama kamba ya nanga, tunawatia kwenye glasi ya maji safi na kuiacha juani. Konokono mwenye maambukizi, mwanga ukimpata, huanza kutoa lava, yaani minyoo michanga ya kichocho. Weka kitambaa cheusi nyuma ya glasi, utaona vidoa vyeupe vinachezacheza. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi, ndani ya dakika chache, bila kuuma.

Mtoto mmoja wa kike akauliza, "Mbona nyie mna mabuti na glavu, sisi tunaingia pekupeku?"

Nilimjibu bila kuzunguka: mabuti yamenunuliwa na mradi, na nyumbani kwenu maji ni ya ziwani. Konokono hazaliwi na ugonjwa. Anaupata kwa sababu choo cha binadamu kinafika majini na yai linaanguliwa humo. Wanafunzi wangu walikuwa wamesimama pale wanasikia. Somo hilo darasani nalifundisha kwa mchoro wa mishale, na mchoro haukuulizi habari za mabuti.

Mzee mmoja naye alitaka kujua kwa nini vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, vinapelekwa zaidi mashuleni, wakati yeye anavuta nyavu tangu ujana, na hata akimeza leo, kesho anaingia maji yaleyale. Swali lake tumeliingiza kwenye andiko letu jipya la utafiti. Matokeo yakitoka, nakala ya Kiswahili itabandikwa ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, palepale mwaloni kabla hatujatuma popote.