Nilivyofundisha kuelea na kuzama kwa vifuniko vya peni na bondo la kuazima

Jamani mimi nafundisha sayansi darasa la tano huku Ilemela, Mwanza, mkondo mmoja watoto 94, na maneno niliyoyasikia mpaka yamenichosha ni haya: "mwalimu, vitendo ni vya shule zenye maabara, wewe waandikie ubaoni wakariri, mtihani haukuulizi kama ulilowa maji." Wa mwisho kuniambia hivyo ni mkongwe kazini na namheshimu sana, lakini hapa nakataa. Hawa watoto ni wa ziwani, wengine wamejua kupara sato kabla ya kujua kusoma, halafu niwakaririshe kuelea na kuzama kama vile hawajawahi kuona maji?

Yote yalianza na swali. Nilitumbukiza jiwe na kipande cha mti kwenye ndoo, nikasema kizito kinazama chepesi kinaelea, mtoto mmoja akanyoosha kidole: "Madamu, mbona meli ni nzito na haizami?" Nikamjibu juu juu, kipindi kikaisha, ila swali nikalala nalo. Siri iko kwenye hewa, meli ndani ina uwazi mkubwa uliojaa hewa, ukiichukua nzima na hewa yake inakuwa nyepesi kuliko maji ya ujazo ule ule. Sasa hewa utamwonyeshaje mtoto?

Nikatengeneza kitu nyumbani. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, unajaza mpaka shingoni, unachukua kifuniko cha peni, kile kishikizo chake unakizungushia waya mwembamba wa shaba (mimi nilipewa na fundi redio) mpaka kwenye glasi ya maji kinaelea kwa shida, kichwa tu ndo kinachungulia. Unakitumbukiza kwenye chupa mdomo chini, hewa inabaki ndani, unafunga. Ukiminya chupa hewa ile inabanwa kinashuka, ukiachia inatanuka kinapanda, ukiminya nusu kinasimama katikati. Nilicheza nacho usiku mpaka wanangu wakaninyang'anya.

Basi nikanunua peni za Bic kumi za makundi, chupa nikaokota ukumbini baada ya harusi, hela yote haikufika elfu sita nadhani. Darasani nikaanza kwa mbwembwe, "angalieni hapa", nikatumbukiza, kifuniko kikaenda chini moja kwa moja. Nikachukua kingine, chini. Cha tatu, chini. Nikapunguza waya, sasa kinaelea lakini hata uminye namna gani hakishuki. Watoto 94 wametoa macho, jasho linanitoka, na mimi jana yake nimeona kwa macho yangu kinafanya kazi! Dakika ishirini nzima zimeenda, nashukuru tu sikukusanya vitu nikarudi ubaoni, kwa sababu binti mmoja wa dawati la mbele alikuwa amekishika kifuniko anakichungulia dirishani, akasema taratibu, "Madamu, hiki kimetoboka juu."

Kumbe! Kile cha nyumbani kilikuwa cha peni nyingine kisicho na tundu. Vya Bic vina tundu kichwani, wameliweka makusudi ili mtoto akimeza kikakwama kooni hewa iendelee kupita. Hewa yangu yote ilikuwa inatokea pale. Tukawasha mshumaa tukadondoshea nta kwenye tundu, tukapima upya kwenye kikombe, binti mwenyewe akaminya. Kikashuka. Kelele zile, darasa la jirani walikuja mlangoni. Na hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kazi ya hewa, walikuwa wameshaikosa kwa dakika ishirini. Kwahiyo mwalimu mwenzangu jambo likigoma mbele ya watoto usilifiche, waachie walichunguze.

Wiki iliyofuata nikataka waone samaki anafanyaje kuelea. Alfajiri nikaenda Kirumba mwaloni, soko la samaki, kutafuta bondo la sangara, ule mfuko wa hewa wa ndani ya samaki unaomsaidia kuelea, zima, halijapasuliwa. Nani atakupa bondo bure? Linakwenda mpaka China, kilo yake inapita mbali bei ya minofu. Mama mmoja nikamwamkia nikamweleza, akasema "mwanangu, bondo haligawiwi." Nikamwambia sitaki kugawiwa, naazima, mchana narudisha. Nikamwachia kitambulisho cha kazi na hela kidogo, akanichagulia moja nono, nikalibeba kwenye ndoo ya barafu kama nimebeba yai.

Tukalifunga na kijiwe cha ukubwa wa yai la kuku, tukaweka kwenye beseni: likaelea na jiwe lake. Watoto wakaligusa mmoja mmoja, lile teleza lake, weupe wake, wanaliminya kwa kidole na kuachia kama chupa.

Ndipo mvulana mmoja akasimama, baba yake mvuvi, tangu Januari sijamsikia akijibu swali. Akasema, "Madamu, sangara wa kilindini akivutwa haraka anafika juu tumbo limevimba, mpaka mfuko wa chakula unamtokea mdomoni. Ni hili bondo. Kule chini maji yanalibana, huku juu limeachiwa." Akachukua chupa, akaminya, akaachia, akawaonyesha wenzake.

Bondo nililirudisha saa saba, limechelewa kidogo.