Pipa Lililogoma Kimara

Februari ya Dar es Salaam haimhurumii mtu anayetengeneza mvinyo wa asali. Shangazi alikuwa amepanga vyumba viwili vya uani huko Kimara, na kile kisichopigwa na jua la jioni ndicho kilichokaa mapipa. Tuliyasimamisha ndani ya mabeseni ya maji, tukayafunika magunia mabichi, kwa sababu hamira ikifanya kazi kwenye joto la nyuzi 32 hutoa kilevi kikali kinachochoma koo. Yeye alitaka kinywaji cha mezani, cha kunywa taratibu, kama mvinyo wa zabibu wa Dodoma.

Asali ilitoka Sikonge, mkoani Tabora, alikozaliwa, na ilifika imeshachujwa, haina hata chembe. Tulichanganya kilo moja kwa lita tatu za maji. Asali isipozimuliwa hamira haifanyi kazi ndani yake, na ndiyo sababu hukaa kabatini miaka bila kuchacha. Kile kipimo cha kioo kinachoelea, cha kupimia sukari iliyomo, kilisoma 1.085. Kikishuka hadi 1.000 sukari karibu yote imeliwa, na kilevi kimefika kama asilimia 11.

Pipa kubwa lilishuka hadi 1.060, likagoma. Mpira uliotoka kwenye kifuniko na kuzama kwenye chupa ya maji ukaacha kutoa mapovu. Shangazi, mwalimu mstaafu wa kemia, aliongeza hamira, akasubiri, akaongeza tena. Kiinua mgongo chake kilikuwa mle ndani. Nilimwona akiinamia lile pipa usiku, taa mkononi, nikakosa la kumwambia.

Wiki hiyohiyo baba yake mdogo alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho. Maisha yake yote alikuwa ametundika mizinga ya magome kwenye miyombo. Nilimwamkia, nikamwongoza hadi kwenye chumba cha mapipa. Akanusa, akauliza:

"Masega mmeyapeleka wapi?"

"Tunanunua asali iliyochujwa, Babu."

"Sasa hiyo pombe itakula nini? Sisi wanzuki, pombe yetu ya asali, tunatia na masega yake, na chavua, hata majana, wale watoto wa nyuki, yakiwemo."

Shangazi alikaa kwenye ndoo iliyo karibu. Kemia yote aliyoifundisha ilikuwa kwenye swali lile. Asali ni sukari na maji, naitrojeni yake ni kidogo mno, na hamira bila naitrojeni haiwezi kujenga mwili wala kuongezeka. Chavua ina protini, na protini ina naitrojeni. Nyuki wenyewe huwalishia watoto wao chavua.

Asubuhi yake tulizunguka kwa wauza asali hadi tukapata masega mabichi. Babu, pamoja na macho yake yale, aliyachambua kwa vidole, akitenga vijumba vilivyoshindiliwa chavua ya njano na ya kahawia. Wakabishana: Shangazi alitaka kuichemsha kwanza ili vijidudu vingine vife, Babu akaona ni kuiharibu. Ikachemshwa, ikapozwa, ikatiwa. Kesho yake chupa ya maji ilikuwa inabubujika, na Shangazi akaniita kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Mimi nimekua nikisikia watu wa mjini wakiuita wanzuki pombe chafu, eti ina nta na wadudu. Iliniuma zamani, na baada ya siku ile iliniuma zaidi. Kile walichokiita uchafu ndicho kilichokuwa kinailisha hamira.

Mvinyo ule uliachwa miezi mingi, tukauhamisha mara kwa mara kuuondoa kwenye mashapo, mpaka ukatakata wenyewe. Babu alikuwa amesharudi Sikonge, tukamtumia chupa kwa basi. Akapiga simu jioni ileile alipoipokea. Akasema umekauka sana, utamu wote umeisha, kwao wanzuki hunywewa ungali mtamu na unachemka. Shangazi hakubishana naye. Kwenye mzigo uliofuata alitenga pipa dogo la kunywewa changa, na chavua akaitia tangu siku ya kwanza.